Masizi ya Obunga

Sufuria ya mama ina tako jeusi:
miaka kumi na saba ya mgongo wazi,
mafuta, vumbi la mbao, moshi wa Obunga.
Nililikwangua kwa kijiko, nikatia masizi katika bahasha ya khaki.
Akauliza, "Hayo nayo ni masomo?"
Nikasema ndiyo. Akacheka hadi samaki wakaungua.

Juu ya paa la zahanati kuna bomba la kioo.
Maji matupu hupita ndani yake kama mgeni asiye na haja;
jua linayapenya, linatokea upande wa pili,
linachoma bati bure.
Maji meupe hayajui kulishika jua.
Kwa hiyo tunayafunza weusi.

Si weusi wa wino, wala wa chai ya rangi.
Chembe. Ndogo hivi kwamba elfu nne
zikipanga foleni bega kwa bega
haziumalizi upana wa unywele mmoja wa Kegode,
na Kegode ana nywele chache, hapendi kutajiwa.
Tulisaga, tukachoma, tukaosha kwa asidi,
tukachuja, tukatupa karibu yote.
Bahasha nzima ya mama ikabaki ncha ya kisu.

Jaribio la kwanza: asubuhi kahawa,
saa kumi jioni maji juu, tope chini.
La pili, la tatu, vivyo hivyo.
Shuleni tuliimba umoja ni nguvu.
Ndani ya chupa umoja ni kuzama:
chembe hupendana mno, hukumbatiana,
zikishakuwa kundi huwa nzito,
zikishakuwa nzito hulala.

Tukaagiza gundi ya mgunga kutoka Baringo,
matone ya rangi ya asali kavu,
moja lina mguu wa sisimizi ndani.
Kila chembe ikavishwa koti
isishikane na jirani.
Mashine ikatikisa kwa mlio ambao sikio halisikii,
ila mbwa wa mlinzi aliusikia, akahama.
Dakika ya arobaini stima ikapotea.
Kegode akatukana kwa Kimaragoli, taratibu, bila kuruka neno,
kisha akaishika chupa akaitikisa kwa mkono
kama mtu anayebembeleza mtoto asiye wake.

Niliongeza weusi. Nani hangeongeza?
Haba na haba. Kibaba kikajaa, pampu ikaanza kukohoa,
na jua likaishia kwenye ngozi ya maji,
juu moto, chini baridi,
chapati iliyopikwa na mwenye haraka.
Nikapunguza. Sehemu tano katika elfu kumi.
Ni aibu kidogo, kugundua kwamba kazi ya mwaka
ni kujua wakati wa kuacha kutia.

Jumanne, mawingu yakiwa bado upande wa Nandi,
saa tisa, bomba la maji matupu: hamsini na nne.
Bomba letu: sitini na moja.
Nikafuta miwani, nikasoma tena.
Kegode hakusema kitu. Alishuka, akanunua miwa miwili.

Wodini, Sista Nyagudi akafungua mfereji.
Maji yake ni safi; yetu meusi huzunguka ndani ya koili ya shaba,
huyapa joto bila kuyapa mkono.
Alijaribu kwa kiwiko, akaongeza baridi
(akaongeza baridi!)
akamwogesha mtoto aliyezaliwa alfajiri,
hana jina bado, analia kwa hasira ya kawaida.
Hakuuliza moto umetoka wapi. Hatukumwambia.

Leo ni siku ya tisa.
Nimeinua chupa ya ushahidi dirishani.
Juu kabisa, chini ya kizibo, kuna uzi wa maji meupe.
Ningeweza kuitikisa. Kegode ameenda kula.
Nachukua rula. Naandika: milimita mbili.
Jioni nitapita kwa mama na kijiko.